Kutofautisha Uvimbe wa Hidatidi na Saratani katika Upasuaji: Mfano wa Turkana

Utangulizi

Mojawapo ya maamuzi magumu yanayomkabili daktari mpasuaji ni kuupa jina uvimbe ambao tayari ameushika mkononi. Mgonjwa amelala kwa nusukaputi, tumbo limefunguliwa, na ndani yake pana kitu cha mviringo ambacho hakikustahili kuwapo. Je, ni saratani inayopaswa kukatwa pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kilichoibeba? Ni jipu? Au ni kifuko cha maji kilichotokana na mnyoo, ambacho kikitobolewa ovyo kinaweza kumuua mgonjwa papo hapo? Maswali ya aina hii huulizwa katika vyumba vya upasuaji kote ulimwenguni. Katika Kaunti ya Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, yana uzito wa pekee, kwa kuwa eneo hilo limejulikana kwa miongo mingi kuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathiriwa zaidi na ugonjwa wa hidatidi duniani.

Makala haya yananuia kueleza namna uvimbe wa hidatidi unavyotofautishwa na saratani na maradhi mengine ya tumboni, kabla ya upasuaji na wakati wa upasuaji wenyewe. Kwanza, chanzo cha ugonjwa kitaelezwa pamoja na mazingira yanayouendeleza huko Turkana. Pili, zitachunguzwa dalili ambazo daktari huzitegemea. Tatu, hidatidi italinganishwa na maradhi ya kongosho, kiungo ambacho ndani yake hata mkono wa mpasuaji mzoefu hushindwa kutambua saratani. Mwisho, itajadiliwa nafasi ya lugha ya Kiswahili katika suala hili. Mgonjwa wa Lokichar, Lodwar au Kakuma hupata habari za uvimbe wake kupitia maneno, na neno lisilo sahihi laweza kumpotosha sawa na kisu kisicho na mwelekeo.

Chanzo cha ugonjwa

Hidatidi husababishwa na tegu mdogo sana aitwaye Echinococcus granulosus. Jina hilo la kisayansi lina asili ya Kigiriki, na sehemu yake ya kwanza humaanisha kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba, kwa sababu kichwa cha tegu huyu kimezungukwa na vikulabu. Jina la ugonjwa pia ni la Kigiriki. Linatokana na neno lenye maana ya tone la maji. Tegu mzima hana urefu unaozidi milimita 7 hivi, na makao yake ni utumbo wa mbwa. Mbwa mmoja anaweza kubeba maelfu ya tegu hawa bila kuonyesha dalili zozote za ugonjwa.

Mayai ya tegu hutoka pamoja na kinyesi cha mbwa, yakaenea katika nyasi, maji, mchanga na hata manyoya ya mbwa mwenyewe. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia huyameza wanapokula au kunywa. Ndani ya utumbo wa mnyama huyo yai huanguliwa, kiluwiluwi hutoboa ukuta wa utumbo na kuingia katika mkondo wa damu, kisha hukwama katika ini au mapafu. Hapo hugeuka kuwa kifuko chenye maji, na ndani ya kifuko huchipuka vichwa vidogo vya tegu. Mnyama akichinjwa na mbwa akatupiwa ini lenye vifuko, vichwa hivyo hukua ndani ya utumbo wa mbwa na kuwa tegu wazima. Mzunguko ukawa umekamilika.

Binadamu huingia katika mzunguko huu kwa bahati mbaya. Anapomeza mayai kupitia mikono, chakula au maji, mwili wake huchukua nafasi ile ile ya mbuzi au kondoo. Takriban vifuko saba katika kila kumi huota katika ini, na vingi kati ya vilivyobaki huota katika mapafu. Vichache hutokea katika wengu, figo, ubongo, mifupa au kongosho.

Turkana imekuwa na mazingira yanayowezesha maambukizi hayo. Wafugaji huishi pamoja na mifugo yao, na mbwa ni mlinzi wa boma dhidi ya fisi na wezi wa mifugo. Maji ni haba, kwa hiyo kunawa mikono mara kwa mara si jambo rahisi. Watafiti waliofika huko katika karne ya 20 walieleza pia desturi ya mbwa kuachwa wawalambe watoto wachanga ili kuwasafisha. Jua kali huyaua mayai ya tegu upesi, lakini ndani ya kibanda chenye kivuli na kando ya visima yanaweza kudumu kwa muda mrefu zaidi. Hapo ndipo wanawake na watoto hutumia sehemu kubwa ya siku, na tafiti zimeonyesha kwamba wanawake ndio waliougua zaidi.

Uchunguzi wa C. M. French na G. S. Nelson uliochapishwa mwaka 1982 uliiweka Turkana katika ramani ya tiba duniani. Katika sehemu za kaskazini magharibi, kuelekea Lokichoggio, idadi ya wagonjwa wapya ilikadiriwa kufikia watu 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Viwango vya sehemu nyingine za eneo hilo, ikiwemo kusini ilipo Lokichar, havikuwa vya juu kiasi hicho. Tofauti hiyo ina maana kwa daktari. Uvimbe wa ini kwa mgonjwa aliyekulia Lokichoggio una uwezekano mkubwa sana wa kuwa hidatidi. Kwa mgonjwa wa Lokichar uwezekano huo ungalipo, lakini daktari hana budi kuyapa maradhi mengine nafasi kubwa zaidi. Mji huo pia umepokea wageni wengi tangu mafuta yalipogunduliwa katika bonde lake mwaka 2012. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari, yaani mgonjwa amekulia wapi, halina jibu moja tena.

Kwa nini hidatidi hudhaniwa kuwa saratani

Hidatidi hukua polepole. Mtu aweza kuambukizwa akiwa mtoto na asijue hadi atakapokuwa na watoto wake mwenyewe. Wakati huo tumbo huanza kujaa, upande wa kulia huwa mzito, na mkono ukibonyeza hukutana na kitu kigumu chini ya mbavu. Kifuko kikiubana mfereji wa nyongo, macho hugeuka manjano. Kikilibana tumbo la chakula, mgonjwa hushiba kwa matonge machache na kuanza kukonda. Uvimbe, macho ya manjano na kukonda ni dalili tatu ambazo daktari yeyote aliyefunzwa vizuri huzihusisha na saratani ya ini, ya mifereji ya nyongo au ya kongosho.

Orodha ya maradhi yanayofanana na hidatidi haiishii hapo. Jipu la ini linalosababishwa na amiba huleta uvimbe upande ule ule, ingawa kwa kawaida huandamana na homa na maumivu makali. Kalazari, ugonjwa unaoenezwa na usubi na ambao upo Turkana, huvimbisha wengu hadi ukajaza nusu ya tumbo. Kifuko cha kizazi cha mwanamke chaweza kukua hadi kikafika mbavuni. Kifua kikuu cha tumbo nacho hukondesha na kujaza tumbo maji.

Jambo linaloongeza utata ni kwamba hidatidi iliyozeeka hufanana na saratani kuliko ile changa. Kifuko kichanga kimejaa maji safi, na hilo si umbo la kawaida la saratani. Miaka inapopita, mnyoo huweza kufa wenyewe. Maji hunyonywa, utando hujikunja, na kifuko hujaa kitu kizito kama ugali uliolala. Kikitazamwa kwa mashine huonekana kama pande la nyama, na hapo ndipo daktari asiyeijua Turkana anapoweza kuandika katika cheti neno saratani. Mgonjwa ambaye mwili wake umekwisha kuushinda ugonjwa bila msaada wa yeyote hurudishwa nyumbani akasubiri kifo, au hulazwa kwa upasuaji ambao hakuuhitaji.

Kabla ya kisu: maswali na mawimbi ya sauti

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hatua ya kwanza ya kutofautisha uvimbe ni mazungumzo. Mgonjwa amekulia wapi? Nyumbani kwao pana mbwa? Uvimbe ulianza lini? Saratani ya ini au ya kongosho mara nyingi humdhoofisha mgonjwa katika muda wa miezi. Mtu aliyebeba uvimbe kwa miaka mitano huku akiendelea kuchota maji na kulisha mbuzi ana uwezekano mdogo wa kuwa na saratani ya aina hizo.

Hatua ya pili ni mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo wengi huiita ultrasaundi. Turkana ina nafasi ya heshima katika historia ya chombo hiki. Katika miaka ya 1980 watafiti wa shirika la AMREF, wakiwemo C. N. L. Macpherson, T. Romig na E. Zeyhle, waliichukua mashine ya kubebeka hadi katika maboma ya wafugaji, wakawapima watu walipokuwa. Matokeo waliyoyachapisha katika jarida la Lancet mwaka 1987 yalionyesha kwamba mashine hiyo iliwafaa wafugaji kuliko vipimo vya damu, ambavyo viliwapita wagonjwa wengi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti hao walikuwa wameeleza jambo lingine lenye faida: baadhi ya vifuko vilikua, vingine vilibaki vilivyokuwa, na vingine vilinywea na kupona bila matibabu. Maarifa hayo yalitokana na miili ya watu wa Turkana, na yalichangia kubadilisha tiba ya hidatidi kwingineko.

Mwaka 2003 kundi la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani lilichapisha utaratibu wa kuvipanga vifuko kwa hatua tano, kwa kufuata sura vinavyoonyesha kwenye mashine. Katika hatua ya kwanza kifuko ni duara la maji lenye ukuta wa tabaka mbili. Katika hatua ya pili kimejaa vifuko vidogo ndani yake, kama sega la nyuki. Hatua ya tatu ni ya mpito: utando wa ndani umebanduka na kuelea juu ya maji mithili ya jani la yungiyungi, au vifuko vidogo vimeanza kuzungukwa na vitu vizito. Katika hatua ya nne hakuna maji tena. Ndani pana mikunjo iliyosokotana kama donge la uzi. Katika hatua ya tano ukuta umegeuka chokaa.

Mpangilio huu humsaidia daktari kwa njia mbili. Kwanza, sura kama sega la nyuki na utando unaoelea ni alama za hidatidi peke yake. Saratani haina utando wa namna hiyo. Pili, hatua huongoza tiba. Kifuko kidogo cha hatua ya kwanza chaweza kutibiwa kwa dawa ya albendazoli inayotumiwa kwa miezi kadhaa. Kikubwa kidogo huweza kufyonzwa kwa sindano ndefu inayoongozwa na mashine, kisha kikatiwa dawa ya kuwaua tegu na kufyonzwa tena. Kifuko kikubwa mno, au chenye vifuko vingi ndani, huhitaji upasuaji. Vya hatua ya nne na ya tano, visipoleta taabu, huachwa na kuangaliwa mara kwa mara.

Kinachobaki kuwa kigumu ni kifuko kichanga ambacho hakijaonyesha alama yoyote, na kile cha hatua ya nne kinachofanana na nyama. Hicho cha kwanza hakitofautiani na kifuko cha maji cha kawaida ambacho mtu huzaliwa nacho. Cha pili ndicho kinachogombaniwa na saratani. Kwa wagonjwa hao, jibu wakati mwingine hupatikana ndani ya chumba cha upasuaji tu.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Mbele ya uvimbe asioujua, mpasuaji wa saratani amezoea kukata kipande kidogo na kukipeleka maabara. Kwa hidatidi, mazoea hayo ni hatari. Maji yaliyo ndani ya kifuko hai yana msukumo mkubwa na yamejaa protini ngeni kwa mwili. Yakimwagika tumboni, mwili uliokwisha kuzizoea protini hizo kwa uadui waweza kupata mshtuko wa mzio: shinikizo la damu hushuka ghafla, njia za hewa hubana, na mgonjwa hufa asipohudumiwa mara moja. Hata akinusurika, vichwa vya tegu vilivyomwagika huweza kuota upya, na baada ya miaka michache tumbo likajaa vifuko vingi mahali palipokuwa na kimoja. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza kwa mpasuaji anayefanya kazi Turkana ni kuuchukulia kila uvimbe wa ini kuwa hidatidi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Macho hutangulia kisu. Kifuko cha hidatidi kinachochomoza juu ya ini huwa cheupe kama lulu au cha rangi ya maziwa, chenye uso laini na mipaka inayoonekana wazi. Ini lililokizunguka huwa zima, isipokuwa pale lilipobanwa. Weupe huo hutokana na ukuta wa makovu ambao mwili umeujenga kumzingira mgeni. Saratani ya ini, kwa upande wake, mara nyingi huwa na uso wa mabonde na vinundu, huchanganyika na nyama ya ini bila mpaka ulio wazi, na huweza kuandamana na ini zima lililosinyaa na kuwa gumu. Saratani iliyotoka kwingine kuja katika ini huonekana kama madoa mengi meupe, na baadhi yake huwa na kibonyeo katikati.

Mkono hufuata. Hidatidi hai hudunda kidogo inapobonyezwa, kama mpira uliojaa. Saratani haidundi. Hata hivyo, hidatidi iliyokufa na kugeuka chokaa huwa ngumu kama jiwe, na hapo mkono hauna la kusema.

Iwapo shaka imebaki, uvimbe hutobolewa kwa uangalifu mkubwa. Albendazoli huwa imetolewa kabla ya upasuaji. Eneo lote huzungushiwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali, ya asilimia 20 hivi, ambayo huwaua tegu. Mtaalamu wa nusukaputi huwa amearifiwa na ameandaa dawa za mshtuko. Sindano huingizwa, na maji yanayotoka ndiyo hujibu swali. Maji maangavu kama ya chemchemi ni ya hidatidi hai au ya kifuko cha kawaida. Usaha wa rangi ya kahawia ni wa jipu la amiba. Damu na vipande vya nyama ni dalili mbaya. Maji ya manjano au ya kijani huonyesha kwamba kifuko kimepasukia katika mfereji wa nyongo; hapo dawa kali ya kuua tegu haitiwi ndani, kwa sababu ingeiunguza mifereji hiyo na kumwachia mgonjwa ugonjwa wa kudumu.

Kifuko kikifunguliwa, ushahidi huwa wazi. Ndani hutoka utando mweupe laini unaoteleza, unaofanana na ukoko mwororo wa yai lililochemshwa, na pengine vifuko vidogo vingi mithili ya zabibu. Chini hubaki chembechembe zinazoitwa mchanga wa hidatidi. Tone la maji hayo likiwekwa chini ya hadubini huonyesha vichwa vya tegu na vikulabu vyake. Kipimo hiki kinahitaji hadubini, kioo na jicho lililofunzwa tu, kwa hiyo kinaweza kufanyika katika hospitali ya Lodwar au ya Kakuma bila kungoja majibu kutoka Eldoret au Nairobi.

Mahali ambapo mkono hushindwa: kongosho

Si kila kiungo kinachompa mpasuaji alama zilizo wazi kama za ini. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na maradhi yake mawili makuu ya kudumu hufanana mno. La kwanza ni uvimbe sugu wa kongosho, ambao huliunguza polepole hadi likabaki makovu na mawe. La pili ni saratani. Yote mawili hukondesha, huleta maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, huweza kuleta kisukari, na huweza kuziba mfereji wa nyongo na kuyafanya macho kuwa manjano.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Miaka ya 1960, daktari A. G. Shaper, aliyefanya kazi Kampala, aliandika kuhusu wagonjwa wa Uganda ambao kongosho zao zilikuwa na makovu na mawe, akachunguza uhusiano wa hali hiyo na utapiamlo. Kwa hiyo daktari wa eneo hili hawezi kudhani kwamba kila kongosho gumu ni la saratani, wala kwamba uvimbe sugu huwapata walevi peke yao.

Tumbo likifunguliwa, mpasuaji hushika kichwa cha kongosho na kukuta ni kigumu. Lakini makovu ya uvimbe sugu ni magumu, na saratani ya kongosho nayo hujenga makovu mengi kuizunguka. Akikata kipande na kukigandisha ili kisomwe papo hapo, mwanapatholojia aweza kuona makovu tu, ilhali saratani imejificha milimita chache kando. Jibu la kwamba hakuna saratani halimtoshi mpasuaji. Kipimo cha damu kinachotumiwa kufuatilia saratani hiyo nacho hupanda pale mfereji wa nyongo unapozibwa na ugonjwa wowote. Aidha, uvimbe sugu wenyewe huongeza hatari ya kupata saratani, kwa hiyo maradhi yote mawili huweza kuwa katika kongosho moja.

Ndiyo maana, mgonjwa anapokuwa na nguvu za kutosha na dalili zinapoelekea upande wa saratani, wapasuaji hukubali kukiondoa kichwa cha kongosho bila uthibitisho wa maabara. Upasuaji huo mkubwa unahusishwa na Allen Whipple wa Marekani, aliyeueleza mwaka 1935. Katika vituo vingi duniani, kati ya asilimia 5 na 10 ya makongosho yaliyoondolewa kwa kushukiwa saratani hubainika baadaye kuwa hayakuwa nayo. Madaktari hulipa gharama hiyo kwa kujua, kwa sababu kumwacha mgonjwa mwenye saratani inayoweza kuondolewa ni kosa lisiloweza kurekebishwa.

Hidatidi ya kongosho ni nadra sana, lakini hutokea, na hufanana na vifuko vya saratani vya kiungo hicho. Hapo kanuni mbili hukutana na kupingana. Kanuni ya saratani husema: kata upesi, usingoje uthibitisho. Kanuni ya hidatidi husema: usiguse kabla ya kujikinga na maji yaliyo ndani. Kinachompatanisha mpasuaji na kanuni zote mbili ni historia ya mgonjwa aliyoiuliza kabla ya kushika kisu.

Nafasi ya lugha na istilahi

Historia hiyo hupatikana kwa lugha. Katika hospitali nyingi za Turkana, daktari huandika kwa Kiingereza, muuguzi hueleza kwa Kiswahili, na jamaa wa mgonjwa hufasiri kwa Kiturkana. Daktari anayo maneno tofauti kwa kifuko cha maji, pande la nyama na jipu la usaha. Maneno hayo yakifika katika Kiswahili cha kila siku, yote huweza kugeuka neno moja: uvimbe. Na kwa wasikilizaji wengi, uvimbe wa ndani ya tumbo usiokuwa na jina jingine ni saratani.

Kiswahili hakikosi maneno. Kifuko ni kitu chenye ukuta na maji ndani. Jipu ni usaha. Pande la nyama ni pande la nyama. Neno saratani, lililotokana na Kiarabu lenye maana ya kaa, lafaa libaki kwa ugonjwa unaosambaa na kuila nyama iliyo jirani. Kinachohitajika ni wataalamu wa lugha na wa tiba kukubaliana juu ya matumizi, ili neno moja lisibebe mizigo minne.

Kwa hidatidi yenyewe zipo njia mbili. Njia ya kutohoa hutupa neno hidatidi, ambalo linafaa vitabuni na darasani lakini halimwambii mfugaji lolote. Njia ya kueleza hutupa kauli kama kifuko cha tegu wa mbwa. Kauli hii ni ndefu, ila ina faida mbili: inaeleza umbo la ugonjwa na kumtaja mnyama anayeueneza, kwa hiyo ndani yake mna ujumbe wa kinga. Njia zote mbili zinaweza kutumika sambamba kulingana na msikilizaji.

Pana tahadhari moja katika istilahi hii. Mgonjwa akiambiwa kwa kifupi kwamba ini lake lina minyoo, anaweza kwenda dukani kununua dawa ya minyoo, ameze mara moja na kuamini amepona. Dawa atakayopewa huenda ikawa albendazoli, ile ile iliyo katika tiba ya hidatidi. Jina la dawa ni moja, lakini dozi moja ya minyoo ya tumbo haifanani na tiba ya miezi kadhaa inayosimamiwa na daktari. Sentensi iliyofupishwa kupita kiasi imeficha tofauti hiyo.

Kinga

Upasuaji pekee haumalizi ugonjwa ambao chanzo chake ki nje ya hospitali. Mwaka 1983 AMREF ilianzisha mpango wa kudhibiti hidatidi kaskazini magharibi mwa Turkana. Mpango huo uliunganisha elimu kwa jamii, dawa ya prazikwanteli kwa mbwa, kupunguza mbwa wasio na wenyewe, upimaji kwa mawimbi ya sauti, na matibabu kwa waliopatikana na vifuko. Dawa ya mbwa hulenga kurudiwa kila baada ya wiki sita hivi, kwa kuwa tegu huhitaji muda unaokaribia huo kukomaa na kuanza kutaga mayai. Upimaji uliofanywa katika miaka ya 2010 ulionyesha kwamba kiwango cha ugonjwa kilikuwa kimepungua kikilinganishwa na miaka ya 1980, ingawa haukuwa umetoweka.

Ujumbe wa msingi ni mfupi na hauhitaji mashine. Mbwa asipewe ini wala mapafu yenye vifuko. Yafukiwe au yachomwe. Mikono inawiwe kabla ya kula, hata kwa maji kidogo. Mbwa asilambe chombo cha chakula wala uso wa mtoto. Kwa kuwa ugonjwa huu pia upo miongoni mwa jamii jirani za wafugaji katika Sudan Kusini na Ethiopia, ujumbe unapaswa kuvuka mipaka pamoja na mifugo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kutofautisha hidatidi na saratani ni kazi yenye hatua. Huanza kwa kumuuliza mgonjwa, hufuatiwa na mashine ya mawimbi ya sauti, kisha jicho na mkono wa mpasuaji, na hukamilishwa na hadubini. Katika ini, hatua hizo hufikia jibu mara nyingi. Katika kongosho, jibu huweza kukosekana hata baada ya hatua zote, na mpasuaji hulazimika kuamua akiwa na shaka.

Imeonekana pia kwamba kosa la kutambua hugharimu pande zote mbili. Anayeiita hidatidi saratani humnyima mgonjwa tumaini au humkata bila sababu. Anayeiita saratani hidatidi humchelewesha mgonjwa asiye na muda. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawashiki kisu, lakini wanaweza kuandaa maswali ya kitabibu kwa Kiswahili fasaha kinachofasirika kwa urahisi katika Kiturkana, na kuzisawazisha istilahi za kifuko, jipu, uvimbe na saratani kabla hazijafika kitandani mwa mgonjwa. Kazi hiyo ingemfaa muuguzi wa Lokichar anayesubiriwa na familia nzima nje ya chumba cha upasuaji, wakitaka kujua kilichopatikana tumboni mwa mtu wao kinaitwaje, na kama atapona.